Chungu Kisicho na Harufu

Mtu asije hapa akaniambia chakula cha nyumbani ndicho chakula. Nyumbani kwa nani? Kimepikwa ili iweje? Mimi nimepikia watu hotelini hapa hapa Kashai, Bukoba, tangu mume wangu afariki, na nimewasikia sana wanawake wenye mapazia madirishani wakipita na kusema, "Hao wanaokula kwa Mwamvita hawana wake?" Wake wanao. Wengine wanao wawili. Pita zako, dada, uniache na kuni zangu.

Ila leo nitasema, maana jambo lenyewe limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila nikisikia mtu anasifia mapishi ya nyumbani linachoma upya.

Ulikuwa mwaka ule kahawa ilipopanda bei, mwaka watoto wa shule walipopewa bendera za karatasi wampungie Malkia mpya wa Waingereza ambaye hata hakuja. Banda langu lilikuwa na mabenchi mawili na chungu kimoja kikubwa. Wateja wangu walikuwa wachukuzi wa magunia ya kahawa na wavuvi wa Bumbire waliokuja mjini kuuza samaki. Nilipika ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage ndani ya chungu kimoja, kama tunavyopika Wahaya wote, halafu natia furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, nimewaponda na vichwa vyao, na mboga yoyote niliyoikuta sokoni asubuhi. Harufu yake ilifika barabarani. Na msidhani niliweka vyote hivyo kwa mapenzi. Mapenzi gani! Mchukuzi akila ndizi tupu, saa sita miguu inamtetemeka chini ya gunia, na kesho yake anahamia kwa Jovita, jirani yangu na adui yangu wa biashara. Nilimwogopa Jovita. Hiyo ndiyo siri yote ya upishi wangu.

Shamsa, mwanangu wa pekee, alilelewa na chungu hicho. Alikuwa na meno ya kuvunjia mfupa na mdomo wa kujibu wachukuzi wote kwa pamoja.

Burhani alimwona hapo hapo bandani. Alikuwa kijana mwenye duka la nguo Kamachumu, alikuja Bukoba kuchukua majora kwa Wahindi, mvua ikamkamata, akaingia kujikinga. Alikula sahani moja, akaomba ya pili. Nakumbuka vizuri kwa sababu baadaye, kwao, hakuwahi kukiri kwamba alikula hata ya kwanza. Akarudi wiki iliyofuata bila mvua. Basi, Shamsa akaanza kuosha sahani huku anaimba, nikajua mambo yameshaiva.

Mama yake Burhani alikuja kuniona kabla ya ndoa. Huku kwetu mwanamke wa heshima huitwa Ma, kwa hiyo nikasema, "Karibu, Ma Siti." Akanisahihisha pale pale mlangoni. Alitaka aitwe Bi Siti, kama watu wa pwani, ingawa bahari yenyewe hakuwahi kuiona kwa macho. Alikuwa na babu, alisema, Mustapha wa Muskati, Uarabuni, aliyekuja na misafara ya pembe kupitia Unyanyembe. Wazee wa Kamachumu walikuwa na masimulizi mengine, kwamba babu huyo alikuja na msafara kweli, lakini chini ya mzigo. Sikuyasema. Aliketi kwenye benchi langu, akatoa leso nyeupe yenye manukato, akaiweka puani, na hapo puani ikakaa mpaka alipoondoka.

"Mkwe," akaniambia, "mimi sina neno na binti yako. Ana adabu. Lakini kwetu chungu hakitoi harufu. Mpita njia hajui tumekula nini. Mke wa mwanangu atapika nyumbani kwa mkono wake, na chakula cha hapa kisivuke mlango wangu. Hilo tu."

Mutembei, mchukuzi mmoja asiyejua kunyamaza, alikuwa anakula benchi la pili. Akasema kwa sauti, "Chungu kisichotoa harufu ni chungu kitupu, bibi." Banda zima likacheka, na mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu. Bi Siti hakucheka.

Ndoa ikafungwa. Shamsa akapanda lori la kahawa akaenda Kamachumu, na mimi nikabaki nikiosha sahani mwenyewe.

Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza alikuwa ameshajifungua. Mtoto wa kiume, Mustapha, wamempa jina la huyo babu wa Muskati, mnono, ananyonya kama ndama. Nyumba ya bati, sakafu ya saruji, kabati la vioo lenye vikombe visivyotumika. Nikajisemea, mwanangu kapata. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nikaingia jikoni.

Jiko lilikuwa nyuma kabisa, karibu na migomba, mlango umefungwa na moshi umejaa humo. Shamsa alikuwa humo tangu alfajiri. Alipika wali mweupe. Alipika ndizi, lakini tupu, zimeoshwa mpaka utomvu wote umekwisha, maana kuchanganya vitu chunguni Bi Siti alikuita ushenzi. Chai ya rangi, sukari nyingi. Mkate wa unga mweupe. Maharage hayakuingia humo. Maharage ni chakula cha wachukuzi. Furu na dagaa ndiyo usiseme, harufu yake ingeingia kwenye mapazia. Nyama na kuku vilipikwa akija mgeni, na sahani ilipotoka kwa wageni na wanaume ilirudi jikoni na mifupa. Mayai walikuwa nayo kikapu kizima, ya kuku wao wenyewe. Nikaokota moja nimchemshie mwanangu aliyetoka uzazini.

"Rudisha, mkwe," Bi Siti akaniambia kutoka mlangoni. "Mwanamke hali yai. Kwenu hamjui? Na mtoto akilionja atakuwa mwizi."

Kwetu tunajua. Bibi yangu mzaa mama hakugusa yai wala kuku mpaka anaingia kaburini, na senene, wale panzi wetu wa kuliwa, aliokota yeye, akawachambua mbawa yeye, akawakaanga yeye, akamtengea babu, na mkononi mwake ikabaki harufu tu. Miiko yetu naijua. Lakini bibi yangu alikuwa na maharage yake kila siku ya Mungu, na karanga, na furu, na maziwa ya ng'ombe wa jirani. Bi Siti alichukua miiko ya Wahaya akaiongezea ya hao watu wake wa Muskati, na kilichopona katikati kilikuwa wali na chai. Na hakuwa bahili, sikilizeni, nisimsingizie. Mchele ule ulikuwa wa daraja la kwanza. Alipikisha kwa heshima. Kila sahani iliyotoka katika nyumba ile ilitoka ili mtu aione.

Nikamuuliza Shamsa, "Unashiba?"

"Nashiba, mama." Akatazama mlangoni kwanza. "Ila nachoka."

Maadamu mtoto alikuwa ananyonya sikuwa na wasiwasi naye. Halafu Shamsa akapata mimba nyingine. Mtoto akaachishwa siku ile ile, maana maziwa ya mjamzito, kwa Bi Siti, ni sumu. Sasa Mustapha akawa anakula chakula cha nyumbani. Asubuhi chai na mkate. Mchana ndizi laini. Jioni uji mweupe wa mchele na sukari. Alipikiwa mara nyingi kuliko mtu yeyote pale, tena kwenye sufuria yake mwenyewe ya kumeremeta.

Nilirudi kwao msimu wa senene. Kabla sijashuka vizuri kwenye lori, Bi Siti alikuwa barabarani ananingoja, yeye ambaye hakuwahi kunipokea hata mlangoni.

"Mkwe! Njoo umwone mjukuu wako! Damu imetoka!"

Nikashtuka, nikadhani mtoto kaumia. Akanivuta mkono mpaka sebuleni. Mustapha alikuwa ameketishwa kwenye kiti, amevalishwa kofia ya kufuma. Bi Siti akamvua kofia kama mtu anayefunua zawadi.

Nywele zilikuwa zimegeuka rangi. Zile nywele nyeusi za kusokotana zilikuwa sasa nyepesi, zimenyooka, nyekundu nyekundu kama nyuzi za mahindi mabichi. Ngozi imepauka. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, mikono imejaa.

"Unaona?" Machozi yalikuwa yanamtoka, machozi ya furaha, wallahi. "Watu walinicheka. Walisema babu yangu alikuwa mpagazi. Haya, na waje waone! Nywele za Kiarabu hizi! Rangi ya Muskati hii! Tena ona alivyonenepa, mtoto wa chakula cha nyumbani!"

Jirani waliitwa. Walikuja wakamgusa nywele, wakasema mashallah. Burhani alikuwa amesimama pembeni anatabasamu kama bwana harusi, na ukutani kulikuwa na picha mpya. Alikuwa amempeleka mtoto kwa mpiga picha wa Kihindi mjini Bukoba, yaani alipita na mtoto karibu na banda langu na hakusimama.

Nilimchukua Mustapha nikampakata. Hakulia, hakucheka. Huyu ni mtoto ambaye zamani akiniona alinivuta hereni mpaka nipige kelele. Sasa alinitazama kama mzee aliyechoshwa na wageni. Nikamshika mguu. Nilipoondoa kidole pakabaki shimo, kama unapobonyeza unga wa maandazi uliolala, na shimo halikurudi.

"Huyu mtoto anaumwa," nikasema.

Bi Siti akamfunika mtoto kofia yake.

"Anaumwa nini?"

"Sijui. Mimi si daktari. Lakini mtoto mzima hakai hivi. Mpelekeni hospitali ya misheni, wamtazame."

"Mwamvita," akasema, na hakuniita mkwe, "wivu ni kitu kibaya. Ulitaka awe mweusi kama wachukuzi wako?"

Nikamtazama Shamsa. Alikuwa amesimama na sinia la chai, tumbo limeanza kuonekana, shavu limeingia ndani. Akainamisha kichwa. Mimi niliyemzaa sikumtambua. Mdomo wa kujibu wachukuzi wote ulikuwa umekwenda wapi?

Nilirudi Kashai nikawaka moto. Nilisaga furu wakavu, nikasaga na karanga, nikachanganya na unga wa maharage, nikafunga kwenye kitambaa, nikampa Byabato, dereva wa lori, ampe Shamsa mkononi. Nikatuma tena. Nikatuma na mayai ya kuchemsha. Byabato aliniambia kila safari kwamba mzigo umefika, na mimi mjinga nikawa nalala usingizi.

Shamsa alikuja kunieleza baadaye. Mzigo ulifika kweli. Bi Siti aliunusa, akaugawa kwa watu waliokuwa wakichuma kahawa shambani kwao, na hao wakawapikia watoto wao. Nasikia watoto wale walikuwa wanarukaruka migombani siku nzima na nywele zao nyeusi tititi. Mara moja tu Shamsa alificha chakula kidogo. Alikifunga kwenye jani la mgomba akakifukia kwenye jivu la moto, mtoto ale wakati bibi yake anasali. Harufu ikamsaliti. Burhani akaitwa kutoka dukani mbele ya wateja, akaja akasimama mlangoni pa jiko, akamwambia mkewe, "Unaniaibisha. Watasema duka langu halimlishi mwanangu mpaka ale takataka za ziwani." Hakumpiga. Angempiga, Shamsa alisema, angalau angekuwa na la kumwambia mtu.

Nilipokwenda tena, msimu wa senene ulikuwa umeisha. Siku hiyo hakunipokea mtu. Nilimkuta Mustapha amelala kwenye mkeka ukumbini, na ngozi ya mapajani imeanza kubanduka, vipande vyeusi vyeusi kama rangi ya mlango wa zamani. Alikuwa analia, lakini sauti ndogo, ya mtu asiyetarajia kujibiwa. Kando yake kikombe cha chai na mkate ulioloweshwa. Nzi walikuwa wanakula.

Mawe, mama yangu! Sikubisha hodi wala kusalimia. Nilimfunga mgongoni kwa kanga yangu nikatoka naye. Nilifika barabarani, mkono nimeuinua kusimamisha lori, nikasikia Burhani ananiita.

"Mama! Unampeleka wapi mwanangu?"

"Misheni. Na kama hutaki, niue hapa hapa."

Watu walikuwa wameshatoka madukani. Burhani akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Nilimwona akihesabu macho ya watu.

"Mama, nakuomba, tusifanye hivi barabarani. Ijumaa tuna maulidi. Kuna sharifu anatoka Tabora, mama amemwalika ili amwone mtoto. Akisema yeye kwamba hii ni damu ya kwao, maneno yote ya watu yatakwisha. Jumamosi asubuhi nitampeleka mwenyewe. Nakuapia."

"Mtoto hatangojea sharifu."

"Anakula, mama! Kila siku anakula! Huyu si mtoto wa njaa!"

Akafungua fundo la kanga yangu kwa mikono yake, akamchukua mtoto mgongoni kwangu, mbele ya watu wote. Na hakuna aliyesema neno, kwa sababu mtoto ni wa baba, na huku kwetu hilo halina mjadala. Bibi mzaa mama ana nini? Ana mgongo tu. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia kwa sauti, sikuona haya.

Sikuondoka. Nililala kwa watu, nikangojea hiyo Ijumaa. Siku ya maulidi walipika pilau, na kwa mara ya kwanza nyumba ile ilinukia mpaka barabarani, maana siku hiyo harufu ilikuwa ya sifa. Mustapha alivalishwa kanzu ndogo ya hariri. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia, akaachwa pekupeku. Yule mzee wa Tabora akaletewa mtoto. Nilikuwa nachungulia kwa mlango wa nyuma pamoja na wanawake. Mzee akamshika mtoto kichwani, nywele zikabaki mkononi mwake. Akazitazama zile nywele. Akamtazama Bi Siti.

"Mama," akasema taratibu, "huyu mwombeeni dua na mumpeleke kwa daktari. Leo hii."

Kumbe hata huyo! Alitoka Tabora yote hiyo kuja kusema lile nililosema mimi na Kashai yangu. Bi Siti akajibu, "Inshallah, baada ya wageni kula." Na wageni wakala.

Jumamosi tukafika misheni. Muuguzi aliyetupokea aliitwa Immakulata, mtoto wa wakulima wa Kikatoliki wa huko huko Kamachumu, mwenye mikono ya upole. Alimbonyeza mguu kama nilivyombonyeza. Akauliza mtoto anakula nini. Burhani akamtajia, kwa fahari kabisa: wali, mkate, chai ya sukari, ndizi.

"Maziwa je? Maharage? Samaki? Yai?"

"Sisi hatuli hivyo vya..." Burhani akaanza.

"Bwana," Immakulata akasema, "mwanao ana njaa."

"Njaa?" Burhani akacheka, kicheko kibaya. "Unajua mimi ni nani? Mtoto wangu hajalala na njaa hata siku moja."

"Tumbo halijalala na njaa. Mwili ndio umekuwa na njaa. Huo si unene, ni maji. Na nywele hizo, kila mtoto tunayeletewa hivi anazo."

Niligeuka kumwangalia Bi Siti. Nilitaka aanguke. Nilitaka apige ukunga, ajirarue nguo, afanye lolote. Alikuwa anamrekebisha mtoto kofia.

Walimnywesha maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo. Shamsa ndiye aliyeshika kijiko. Ya kwanza mtoto aliyameza. Shamsa akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe nikamwona anatabasamu, tabasamu la kuomba. Ya siku ya pili yalirudi. Mustapha alikufa mchana huo, wakati kengele ya misheni inalia na wagonjwa wengine wanagawiwa maharage.

Matanga nayo nitayasema, kwa nini nisiyaseme? Nyumba ya msiba haipiki. Majirani ndio huleta. Wakaleta walichokuwa nacho, ebitoke na maharage, vyungu kwa vyungu, na nyumba yote ya Bi Siti ikanuka chakula cha wachukuzi, mapazia na kila kitu. Burhani alikula. Alikula huku analia, na akaongezewa. Nilimwangalia nikashindwa kumchukia vizuri. Alikuwa na njaa na yeye, masikini, na nadhani hakuwa anajua.

Arobaini ilipokwisha nilimwambia, "Shamsa anakuja kujifungulia kwangu, ndiyo desturi. Na atakaa mpaka mtoto aote meno yote." Hakubisha. Akambebea mkewe sanduku mpaka kwenye lori la Byabato.

Shamsa alifika Kashai akakaa chini mbele ya chungu changu. Hakungojea sahani. Alikula kwa mwiko, furu na vichwa, mchuzi unamtiririka mpaka kiwikoni, na wachukuzi wote, hata Mutembei, wakajifanya wanaangalia pembeni. Alizaa mtoto wa kiume, Bashiri. Nilimwambia Jovita, adui yangu, naye akaleta kikapu cha mayai, akamchemshia mzazi kwa mkono wake. Mwizi na awe mwizi. Bora mwizi.

Bi Siti hakuja mpaka Bashiri alipotimiza umri ule wa marehemu kaka yake. Alikuja siku ya soko, amevaa vizuri kama kawaida, amezeeka kidogo, na chini ya kwapa amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Nikampa kiti. Nilijiambia, Mwamvita, nyamaza, mwanamke huyu amekuja kuomba radhi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumkatalia, na siku hiyo, Mungu anajua, nilikuwa tayari kuyameza.

Bashiri alikuwa chini ya benchi, mweusi, nywele zimesokotana kama pilipili mtama, anapiga sufuria kwa kijiko na kumtukana paka. Bi Siti akamtazama muda mrefu. Akafungua kile kitambaa. Ilikuwa ile picha ya Mustapha, kwenye fremu. Akaiweka magotini, akaangalia picha, akaangalia mtoto.

Akapumua. "Huyu hakufuata upande wetu," akasema. "Yule mwenzake alikuwa mzuri."

Nikashika mwiko niinuke, lakini nilichelewa. Shamsa ndiye aliyeacha kuosha sahani, akajifuta mikono, akaja akasimama mbele ya mama mkwe wake.

"Hakuwa mzuri, Bi Siti," akasema. "Alikuwa anakufa. Alikuwa anakufa na sisi tunampiga picha."

Akamnyanyua Bashiri, akamketisha kwenye benchi, akafunua chungu ampakulie. Mvuke wa furu ukatujaa usoni sote. Bi Siti akaingiza mkono kifuani akatoa ile leso yake nyeupe, na mimi moyo ukanilainika, nikasema, haya, hatimaye analia.

Akaiweka puani.